Spika ndogo za studio: zinaweza nini, zinaishia wapi, na jinsi ya kumiksi nazo chumbani

Wadau, hii ni ya yule mwenye spika za inchi 3, 4 au 5 (upana wa koni) mezani, anapiga kazi chumbani, singeli, bongo fleva, kwaya, gospo, chochote, na kila wimbo ukitoka nje besi inamgeuka. Kwenye gari inavuma mpaka milango inatetemeka, kwenye simu haipo kabisa. Akiuliza anaambiwa neno moja tu, nunua kubwa. Mi sikubaliani, chumba cha futi kumi kwa kumi ukikiwekea spika za inchi 8 umejiongezea kesi nyingine. Spika ndogo inasema ukweli mtupu kwenye eneo fulani la muziki, na nje ya hapo haisemi kitu, we unatakiwa tu kujua mpaka wake uko wapi na chini ya huo mpaka utumie njia nyingine. Ndo tunachofanya hapa.

HATUA YA 1: Tafuta spika yako inaishia wapi

Hii watu wengi hawajawahi kuifanya hata mara moja, na ndo ya muhimu kuliko zote. Fungua programu unayotumia, FL Studio, Cubase, Reaper, yoyote, weka plagini ya kutoa toni moja tupu, ile "uuuuu". Anza Hz 200 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikishuka sauti inakuwa nzito), sauti iwe kama ya mtu anayeongea na mwenzake mezani, na usiiguse tena. Alafu shuka taratibu: 150, 120, 100, 90, 80, 70, 60, 50, 40.

Sikiliza vitu viwili. Cha kwanza, wapi sauti inaanza kupotea. Cha pili ndo kitamu: kuna mahali toni itaonekana kama imepanda badala ya kushuka, au inaanza kukoroma. Umeweka Hz 40 lakini sikio linakwambia 80 au 120. Hiyo sio besi ndugu yangu, hiyo ni wufa (ile koni ya besi) imefika mwisho wa mwendo wake na inatunga sauti zake yenyewe. Iangalie kwa karibu, utaona koni inaenda mbele na nyuma kwa fujo, na kama spika ina tundu weka kiganja hapo, utahisi upepo na utasikia "ff ff ff". Ukifika hapo punguza haraka, usiendelee kuishangaa.

Ile namba ambapo sauti bado ni safi na ina nguvu iandike kwenye kipande cha masking tepu ubandike kwenye spika. Mfano 70. Kuanzia leo kila uamuzi wa chini ya Hz 70 haufanywi na hiyo spika.

Usitegemee kilichoandikwa kwenye boksi. Si kwamba wanadanganya, ila kuna namna mbili za kuhesabu na wao wanaweka mbele ile inayopendeza. Yamaha HS5 inasomeka inaanzia Hz 54, sawa, lakini hiyo ni pale sauti ilipokwisha kushuka desibeli 10, yani kwa sikio ni kama nusu ya sauti imeshaondoka. Kwa kipimo cha desibeli 3 wenyewe Yamaha wanaandika 74. JBL 305P MkII inashuka zaidi, PreSonus Eris E3.5 wanaandika 80. Na zote hizo zimepimwa mazingira ya kupimia, sio chumbani kwako kwenye kabati na kitanda.

Kwanini iko hivi? Kutoa besi ni kusukuma hewa, na kila ukishuka oktavi moja (yani Hz zikiwa nusu) kwa sauti ileile koni inatakiwa isukume hewa mara nne zaidi. Kutoka Hz 100 kwenda 50 mara nne, kwenda 25 mara kumi na sita. Koni ya inchi 5 haina huo mwendo, basi. Ndo maana wanaweka lile tundu, linasaidia sana mpaka kufika masafa yake, lakini chini ya hapo sauti inadondoka kwa kasi kubwa, kama desibeli 24 kwa oktavi, wakati spika iliyofungwa bila tundu inashuka polepole, kama desibeli 12.

Sasa angalia kinachokaa huko chini: kiki nyingi mwili wake uko Hz 50 mpaka 60, waya mnene wa gitaa la besi ni Hz 41, na zile 808 (besi ndefu za mashine ya ngoma) na log drum (besi ya kugonga) za amapiano zinaenda hukohuko na chini zaidi. Na kuna mtego, sikio likisikia 82, 123 na 164 linajijazia lenyewe ile 41 ambayo haipo. Kwahiyo we unaapa unaisikia besi, kumbe unasikia vivuli vyake vya juu, unavipandisha vivuli mpaka uridhike, na ile besi yenyewe inapanda nayo bila mtu wa kuiangalia. Ndo hiyo inayotetemesha milango ya gari.

HATUA YA 2: Jua inachokiweza, ukitumie kweli

Kuanzia kama Hz 200 mpaka elfu 5 hivi, spika ndogo nzuri ni kiboko. Hapo kuna sauti ya mwimbaji, sneya, makofi, gitaa, kinanda, filimbi, karibu kila kitu ambacho msikilizaji anakikumbuka akizima redio. Wufa ndogo na twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) zimekaa karibu karibu, kwahiyo hata ukikaa mita moja tu sauti zinakufikia kama zimetoka sehemu moja, zile kubwa zinataka umbali ndo ziungane vizuri. Boksi lake jembamba linatawanya sauti vizuri pembeni, mpangilio wa kushoto na kulia unasimama mbele yako unaweza kuuonyesha kwa kidole. Na kwasababu haisukumi besi nyingi, haikiamshi chumba sana, majirani pia wanalala.

Na sio kitu cha maskini kama wengine wanavyodhani. Yamaha NS-10, zile zenye koni nyeupe, zilitoka 1978 kama spika za kusikilizia nyumbani, alafu miaka ya 80 zikajaa juu ya mikisa za studio kubwa za Marekani na Uingereza mpaka Yamaha walipoacha kuzitengeneza 2001. Besi hazikuwa nayo ya maana, zilikuwa boksi lililofungwa, na juu zilikuwa kali mpaka mainjinia wakawa wanabandika karatasi ya tishu mbele ya twita. Walizipenda kwasababu zilikuwa zinaumbua katikati ya miksi bila huruma. Auratone 5C ndo kali zaidi, kibox kidogo chenye wufa moja tu, hakuna twita, hakuna chochote, kazi yake kukuonyesha wimbo utasikikaje kwenye redio ndogo na tivii. Ila kumbuka hizo studio zilikuwa na spika kubwa ukutani pia, hawakuwa wanaamua besi kwa Auratone.

HATUA YA 3: Ziweke sawa (hapa usiwe mvivu)

Nimeona watu wanabadilisha spika mara kwa mara na hawajawahi kuzisogeza hata sentimita 20. Chumba kina nguvu kuliko spika.

Anza na ukuta ulio nyuma ya spika. Besi haitoki mbele tu, inazunguka boksi, inaenda kugonga ukuta, inarudi, na kuna masafa ambayo ikirudi inakuta ile ya mbele wanafutana. Hesabu yake ni rahisi, chukua 86 gawanya kwa umbali wa mita kati ya uso wa spika na ukuta. Spika ikiwa mita moja kutoka ukutani unapoteza karibu na Hz 86, ikiwa nusu mita ni 172 hivi, na hiyo 172 ndo unene wa sauti ya mwimbaji na mwili wa sneya, utakaa unaongeza EQ (ile ya kupandisha na kushusha masafa) siku nzima na kile kitu hakirudi kwasababu tatizo sio la wimbo. Kwa chumba kidogo mi nasema zisogeze karibu na ukuta kabisa, kama tundu liko nyuma acha nafasi ya kiganja hivi lipumue. Ile sehemu inayofutika itapanda juu kwenye masafa ambayo spika imeshaanza kuelekeza sauti mbele na hata pazia zito linasaidia. Ukuta utakuongezea besi, ndio, sasa geuza spika uangalie nyuma, nyingi zina swichi ya kupunguza chini, HS5 ina sifuri, -2 na -4. Ile swichi imewekwa kwa ajili ya hili hasa na watu wengi hawajawahi kuigusa.

Kona hapana. Spika moja kwenye kona na nyingine kwenye nafasi wazi ndo mbaya kuliko zote, kushoto na kulia hazitalingana hata ufanye nini.

Alafu kuna chumba chenyewe. Kila urefu wa chumba una noti yake inayovuma, chukua 343 (mwendo wa sauti hewani, mita kwa sekunde) gawanya kwa urefu uliozidishwa kwa mbili. Chumba cha mita 3 ni Hz 57. Kama ni mita 3 kwa 3, zile za kupanga tunazozijua, basi urefu na upana vyote vinavuma palepale 57, na 57 ndo kiki. Ukikaa katikati kabisa ya chumba hiyo noti inakuwa imepotea, ukirudi mgongo ukutani imekuwa jitu. Kwahiyo kaa karibu na theluthi ya chumba kutoka ukuta ulio nyuma ya spika, sio katikati na sio ukutani. Cheza wimbo wenye besi ya kutembea, sogeza kiti mbele na nyuma, sikiliza wapi noti zote zinalingana, weka alama sakafuni.

Trei za mayai: zitoe. Kwenye besi hazifanyi kitu, zinapunguza kidogo tu za juu na zinashika moto haraka. Godoro la zamani limesimamishwa nyuma yako au kwenye kona linafanya kazi kubwa kuliko ukuta mzima wa trei, kabati lililojaa nguo pia, na kama una hela kidogo tengeneza fremu za mbao ujaze rokwuli (sufi ya mawe) ya sentimita 10, funika na kitenge, umemaliza. Kwa kuta za pembeni, kaa kwenye kiti mwambie mtu apitishe kioo ukutani, pale unapoiona twita kwenye kioo ndo pa kuziba.

Meza nayo inarudisha sauti. Inua spika mpaka twita ilingane na sikio, tofali mbili za bloku chini ya kila spika na kipande cha sponji juu yake vinatosha kabisa. Kushoto, kulia na kichwa chako viwe pembetatu yenye pande sawa, sentimita 80 mpaka mita moja, pima kwa waya wa chaja. Na usizilaze kwa ubavu eti zinapendeza, nyingi zimeundwa kusimama na ukizilaza kila ukisogeza kichwa sauti inabadilika.

HATUA YA 4: Weka kiwango cha sauti ukiache

Cheza pink noise (ule mvumo wa "shhhh" wenye masafa yote) kwa desibeli -20 kwenye mita ya programu, spika moja moja, simu iwe pale kichwa kinapokaa na aplikesheni ya kupima desibeli. Simu sio kifaa cha maabara, ila kwa kulinganisha kushoto na kulia inatosha. Zote mbili ziwe sawa, kama desibeli 75 hivi, weka alama kwenye nobu ya sauti ya intafesi (kile kifaa kati ya kompyuta na spika). Kwa chumba kidogo hiyo ni sauti ya kutosha, na ni muhimu iwe ileile kila siku kwasababu sikio letu linasikia besi kidogo tukipunguza sauti na nyingi tukipandisha, ukihamahama hutajua kama umebadilika wimbo au umebadilika wewe.

Usizisukume sana. Spika ndogo ikizidiwa na muziki mara nyingi haipigi kelele ya kupasuka, inafanya kitu cha kimyakimya, ileile koni inayobeba kiki ndo inabeba na sauti ya mwimbaji, sasa kiki ikiipeleka mbali sauti inakuwa inatikiswa pamoja nayo. Jaribu hivi: rudia korasi, toa kompresa (plagini za kubana sauti) zote za masta, yani traki ya mwisho, zima kiki, washa kiki. Kama mwimbaji anasafishika sana kiki ikizimwa, punguza sauti ya spika kwa nusu ujaribu tena. Tofauti ikipungua, hakuna cha kurekebisha kwenye wimbo, ni spika ilikuwa inaomba msaada. Ukikosea hapo unakata EQ ya vokali ambayo haikuwa na kosa.

HATUA YA 5: Kumiksi kwenyewe

Anza na katikati, ambapo spika yako ni ya kuaminika. Vokali, sneya, kinanda, gitaa, visimame kabisa kabla hujafikiria besi. Mara kwa mara weka mono (kushoto na kulia vichanganywe kuwa kimoja) na zima spika moja, usikilize kupitia moja tu, kama mwimbaji anazama hapo atazama kila mahali.

Besi inakuja baadaye na inafanywa kwa macho na hedifoni. Leta wimbo mmoja wa mtu mwingine wa aina hiyohiyo unaoujua vizuri, upunguze mpaka ulingane sauti na wako (zilizotoka zimesukumwa, ukiuacha ulivyo utakuonea), alafu weka plagini ya kuonyesha masafa kwa zote mbili. Angalia kiki yake na besi yake zimesimama wapi kulinganisha na katikati. Yako ikiwa juu desibeli 6 pale Hz 50, amini mchoro, usiamini spika. Kisha vaa hedifoni uhakikishe. Hedifoni nazo zina uongo wao, kushoto na kulia zinapanua mno na reverb unaisikia zaidi, ndo maana hayo tunaamua kwa spika na chini tunaamua kwa hedifoni, kila mmoja kwa fani yake.

Kuna ujanja mmoja naupenda. Kama huelewi besi imekaa kwenye noti au noti gani inazidi, pandisha traki ya besi oktavi moja kwa muda, itaingia kwenye eneo ambalo spika inalisikia. Utagundua noti moja inaruka juu ya nyingine zote, unaishusha kwa otomesheni (programu inashusha sauti hapo tu), alafu unairudisha besi chini. Dakika tano tu.

Na kama unataka besi isikike hata kwenye simu, usipandishe chini, haitatoka, ongeza sachuresheni (kuichafua sauti kwa makusudi) kidogo ili ipate meno kati ya Hz 100 mpaka 300 hivi. Ule mtego wa sikio wa hatua ya kwanza sasa unautumia kwa faida yako.

Kitu kingine kinachopita bila kuonwa na spika ndogo ni uchafu wa chini kwenye vokali: pumzi ya "p" na "b", feni, jenereta ya jirani, lori limepita. Kwenye spika ya inchi 4 vokali ni safi kabisa, kwenye sabufa ya ukumbini kila "p" ni ngumi. Mvumo wa umeme ndo hivyohivyo, umeme wetu ni Hz 50 na hiyo 50 hutaisikia, labda kivuli chake cha juu cha 100. Rekodi zote zipitie hedifoni kwanza na kata chini ya Hz 80 kwenye vokali nyingi, kama mwimbaji ni wa sauti nene sana sogeza chini kidogo.

HATUA YA 6: Peleka nje, ila kwa akili

Simu, gari, sabufa ya nyumbani, kispika cha blututhi, na ukipata rafiki mwenye bajaji au daladala yenye mziki, hapo ndo wimbo utaishi kwahiyo usikwepe. Andika unachokisikia, usirudi kurekebisha baada ya sehemu moja. Besi ikizidi kwenye daladala tu, ni konda kapandisha besi mpaka mwisho, achana nayo. Ikizidi kwenye gari, sabufa na hedifoni, ni yako. Baada ya nyimbo chache utaanza kujua spika zako zinakupotosha kwa kiasi gani na upande gani, na hapo safari za nje zinapungua zenyewe.

Vitu vya haraka haraka: tumia waya za XLR au TRS kutoka intafesi, zinazuia mvumo mwingi. Weka stabilaiza, umeme ukirudi kwa kishindo hauna adabu. Spika ziwashwe mwisho na zizimwe kwanza.

KUONGEZA SABUFA AU KUNUNUA KUBWA?

Kama unamiksi kwa ajili ya klabu tu, au unafanya masta za watu, au wateja wanakaa nyuma yako na wanataka kuhisi kifuani, spika ndogo peke yake haitoshi, usijidanganye. Ila mpangilio uwe chumba kwanza, hedifoni nzuri ya pili, sabufa ya studio ya tatu. Sabufa ya home theater usiichanganye hapa, nyingi zinavuma noti moja tu kila wimbo na utarudi kulekule. Na hata sabufa ya studio kwenye chumba tupu cha mita 3 kwa 3 itakuonyesha ile 57 ikiwa kubwa zaidi, hiyo tu.

Ukinunua yuzidi (zilizotumika), nenda na simu yenye ile toni ya hatua ya kwanza na waya wake. Pitisha kutoka 200 mpaka 60 kwa sauti ndogo kwenye kila spika, zote mbili ziwe zinafanana, ikikwaruza moja tu achana nazo. Weka sikio kwenye twita bila kucheza kitu, "sssss" ndogo ni kawaida, mvumo sio kawaida. Twita iliyobonyezwa na kidole cha mtoto waulize wanapunguza bei kiasi gani, na ikiwa imepasuka usiulize.